Casio F-91W dhidi ya Seiko 5 Sports: kabla hujatoa laki saba, pitia uzi huu

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "nichukue Casio au Seiko" haliishi humu, na kila likija mashabiki wanagawana pande mbili na muulizaji anaondoka mikono mitupu. Juzi kijana mmoja kanifuata faragha. Kapata kazi, ana kama laki saba na nusu ameitenga kwa ajili ya saa, na anaitaka Seiko 5. Rafiki yake anamwambia asichezee hela, Casio ya elfu hamsini inamtosha. Nimemwomba nijibu hapa hadharani ili wenye ujuzi zaidi yangu nao waongezee.

Saa zenyewe ni Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi ambayo karibu kila mmoja wetu aliwahi kuiona mkononi mwa mwalimu au kondakta, na Seiko 5 Sports SRPD55 ya uso mweusi na mkanda wa chuma. Zote ninazo na zote nazivaa. Bei nilizotaja ni za makadirio, maana dola ikipanda nazo zinapanda. Hiyo Seiko ilitoka 2019 ikiuzwa chini kidogo ya dola 300 kule Marekani, na Casio kwa kawaida inacheza kwenye dola 15 hadi 25.

Nianze na jambo ambalo wapenzi wa Seiko hatupendi kulisikia. Kwenye kazi ya kutaja saa, Casio inashinda kwa mbali sana. Casio wenyewe wanaiandikia kosa la sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Mashine iliyomo ndani ya Seiko hii inaitwa 4R36, na Seiko wanaiandikia kuwahi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi sekunde 35 kwa siku. Kwa siku, wakuu, si kwa mwezi. Ukichukua hali mbaya kabisa ya kila moja, Casio inahitaji mwaka mzima kufikisha kosa la dakika sita, na Seiko inaweza kulifikisha kwa siku nane. Nyingi zinakwenda vizuri kuliko hapo, na fundi mzuri anaweza kuirekebisha ikatulia, lakini haitaikaribia ile ya elfu hamsini.

Sababu iko ndani. Casio ina kipande kidogo cha kwatsi ambacho kikipitishiwa umeme wa betri kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inahesabu mitetemo hiyo, ikitimia inasogeza sekunde moja. Namba hiyo imechaguliwa kwa makusudi: igawe kwa mbili mara kumi na tano mfululizo, unabaki na moja, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa saketi. Seiko haina betri kabisa. Ina spiringi iliyokunjwa ndani ya pipa dogo. Ukitembeza mkono, kuna chuma kizito cha nusu duara kinazunguka na kuikaza spiringi hiyo. Nguvu inapita kwenye magurudumu ya meno mpaka kwenye gurudumu la mizani linalocheza kwenda na kurudi, mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Mapigo sita yashindane na mitetemo elfu thelathini na mbili! Tena mapigo yenyewe yanaguswa na joto, mkao wa mkono, mafuta yaliyozeeka na sumaku.

Historia nayo inashangaza, kwa sababu zamani bei zilikuwa kinyume. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa duniani ilikuwa ya Seiko hao hao, Quartz Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake yen 450,000, hela ambayo Japani ya wakati ule ilinunua gari dogo jipya. Sifa yake kubwa ilikuwa kukosea sekunde tano tu kwa mwezi. Matajiri walivaa kwatsi, watu wa kawaida walivaa saa za kujaza, yaani za spiringi. Casio ikaingia kwenye saa 1974 na Casiotron, na ilipofika 1989, miaka ishirini baada ya Astron, ikatoka F-91W ambayo mwanafunzi anaweza kuinunua. Inatengenezwa mpaka leo kwa sura ile ile. Gramu 21 tu, betri ya CR2016 inayokadiriwa kudumu miaka saba, kengele, tarehe, na saa ya kupimia mbio inayosoma hadi mia ya sekunde. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa vitu bora vya kiwandani vya karne iliyopita, na sitanii.

Sasa kwa nini mtu atoe mara kumi na tano ya bei hiyo apate saa inayokosea zaidi?

Igeuze Seiko uitazame mgongoni, pana kioo. Utaona ile nusu duara ikiyumba kila ukigeuza kiganja, na pembeni yake gurudumu la mizani linapumua, na katikati yake spiringi nyembamba kama unywele inajikunja na kujikunjua. Chini ya ile nusu duara kuna kifaa Seiko walichokibuni 1959 na kukiita Magic Lever: mkono wenye makucha mawili, moja linavuta gurudumu na lingine linalisukuma, hivyo spiringi inakazwa, ile nusu duara izunguke kulia au kushoto. Ni ubunifu mwepesi, una vipande vichache, na ndiyo sababu moja iliyowezesha Seiko kuuza saa za otomatiki, yaani zinazojijaza zenyewe, kwa bei ambayo Waswisi hawakuiweza. Jina "5" ni la 1963, lilitaja sifa tano ambazo kila saa ya familia hiyo ilipaswa kuwa nazo: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuzuia maji, ufunguo wa pembeni kukaa upande wa saa nne ya usoni badala ya tatu, na bodi imara.

Kwa hiyo anayenunua Seiko 5 ananunua mashine, na mashine inahitaji fundi. Hili ndilo swali ninalotaka kijana alijibu kabla ya kutoa hela: mahali unapoishi, nani ataifungua hiyo saa? Kubadilisha betri wanajua wengi. Kuvua mashine ya otomatiki, kuiosha, kuitia mafuta mapya sehemu zinazotakiwa kwa kiasi kinachotakiwa na kuirudisha, hao ni wachache, na ukimpata lazima umlipe kazi yake. Mafuta yanakauka baada ya miaka kadhaa hata kama saa haijawahi kuanguka. Saa itaendelea kutembea, ndiyo, lakini vyuma vinakula vyuma. Casio ikifa baada ya miaka kumi na tano unanunua nyingine. Seiko iliyotunzwa anaivaa mtoto wako, na isiyotunzwa inaishia kwenye droo.

Mchango wenu.

Mdau wa Mombasa

Salaam alaykum. Uzi mzuri, lakini ndugu yangu umezungumza mashine tu, umesahau kuwa saa huvaliwa. Mtu aenda kwenye posa, au kikao na mabwana wa benki, na kanzu yake safi au suti yake, halafu mkononi plastiki? Mimi sivai F-91W penye heshima. Si dharau kwa saa, ni kila kitu na mahali pake.

Na jengine ambalo sisi wa huku twaliona kila siku. Saa ya mishale twaisoma kwa upande wa pili. Mshale mfupi ukielekea nane, jicho laruka ng'ambo lasoma mbili, saa mbili. Wala hufikirii, ni mazoea ya tangu utotoni. Lakini ya namba yakuambia 8:00, au ukiiweka kwa saa ishirini na nne yakuambia 20:00, na kila mara wafanya hesabu kichwani. Mamangu hadi leo hataki saa ya namba kwa sababu hiyo moja.

Mleta uzi

Mkuu wa Mombasa, hoja ya kusoma ng'ambo nimeipenda. Ni faida halisi ya saa ya mishale kwa msomaji wa Kiswahili.

Kuhusu heshima, kuna njia ya katikati. Casio wanatoa A158W, ina mashine ile ile ya F-91W, namba 593, lakini imevishwa rangi ya chuma na mkanda wa chuma. Haiwi saa ya suti, ila haigombani na shati la mikono mirefu. Na tuwe wakweli, SRPD55 nayo si saa ya suti. Ni ya kimichezo: kipenyo milimita 42.5, unene 13.4, mkono wa shati unakwama juu yake. F-91W ina unene wa 8.5 tu, inapita chini ya shati bila kuonekana. Anayetaka Seiko 5 ya ofisini atafute zile za SRPE za milimita 40, hazina duara la kuzungusha juu na ni nyembamba zaidi.

Dada muuguzi

Naomba niongee kama mtu anayetumia saa kazini, si kwa urembo.

Nahesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa zamu nzima. Sekunde za namba kwenye Casio nazisoma bila kukosea hata usiku nikiwa nimechoka. Nikimaliza naivua, naipiga sabuni na maji, naifuta, imeisha. Mkanda wa chuma wa ile Seiko una vishimo kila kiungo, uchafu unaingia na hautoki mpaka usugue kwa mswaki. Na ikianguka sakafuni? Casio inaanguka, naokota, naendelea.

Kasoro yangu moja ni taa. Ile taa ya kijani inamulika upande wa kushoto tu, kulia unabaki kubahatisha. Na wale wageni mnaoingia wodini na saa inayolia kila saa kamili, tafadhali izimeni. Kuna mtu ndiyo kwanza kapata usingizi.

Mleta uzi

Dada umenena. Kwa taa Seiko iko mbele. Mishale na alama za uso zimepakwa LumiBrite, dutu inayonyonya mwanga mchana na kuutoa gizani bila umeme. Umeme ukikatika unaiona saa vizuri kwa muda, kisha inafifia polepole. Haing'ai usiku kucha.

Kwenye maji, msidanganywe na maandishi. F-91W imeandikwa kuzuia maji, maana yake ni mvua, jasho na kunawa. Wengi wanaogelea nayo na haiwafanyi kitu, ila si ahadi ya kiwanda. Seiko 5 Sports ina mita 100, kuogelea baharini ruksa, lakini ufunguo wake wa pembeni unasukumwa tu, haukazwi kwa kuzungushwa kama wa saa za wapiga mbizi. Hakikisha umeingia ndani kabisa kabla ya kugusa maji, na ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba. Chumvi ikikauka kwenye pini za mkanda inazila.

Fundi, Mwanza

Wakuu, mimi kazi yangu ni hii, nina meza mjini na nimerithi kazi kwa mjomba. Mleta uzi kaandika vizuri, niongeze yale ninayoyaona yakiletwa mezani.

Casio kwanza. Watu wanafungua wenyewe kubadilisha betri, wanaona skrubu nne tu mgongoni wanasema kazi rahisi. Ndani kuna spiringi ndogo sana, ndogo kuliko punje ya mchele, imesimama kwenye tundu lake na inagusa mfuniko wa nyuma. Hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kengele. Ukifungua kwa pupa inaruka, huioni tena, na unaletewa saa yenye kila kitu ila haina sauti. Fungua juu ya kitambaa cheupe, na kwanza itazame ilipo. Ukishaweka betri mpya kuna sehemu imeandikwa AC, iguse pamoja na upande wa betri kwa kibanio cha chuma sekunde mbili hivi, saa iamke upya. Na ule mpira mwembamba wa kuzungukia mfuniko uukague. Ukiwa umekatika au umetoka kwenye mfereji wake, maji yataingia na utamlaumu fundi.

Kioo chake ni plastiki, kinachubuka haraka. Lakini michubuko midogo inatoka kwa kusugua na dawa ya meno na kitambaa laini. Cha Seiko ni Hardlex, kioo kilichoimarishwa, hakichubuki kirahisi, ila kikichubuka hakisuguliki, kinabadilishwa.

Upande wa Seiko, tatizo ninalopokea zaidi siku hizi ni sumaku. Mteja anakuja analalamika saa inawahi dakika nyingi kwa siku, jana ilikuwa nzima. Ukimuuliza, usiku anaiweka juu ya spika, au mfuko wa simu wenye kifungo cha sumaku. Ile spiringi nyembamba inashikwa na sumaku, mikunjo yake inagusana, inakuwa kama imefupishwa, na mapigo yanakwenda mbio. Fungua dira ya simu, isogeze karibu na saa. Sindano ikicheza vibaya, ndiyo hiyo. Haihitaji kufunguliwa, fundi mwenye kifaa cha kutoa sumaku anaipitisha hapo dakika moja, imepona. Ukiambiwa ivuliwe mashine nzima kwa tatizo hilo, chukua saa yako uondoke.

Tena jambo kubwa. Kuna Seiko 5 kuukuu zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia, nyingi zinatoka India. Mashine ni ya zamani kweli, lakini uso umepakwa rangi upya, mara bluu kali, mara chungwa, rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuziweka kwenye saa hiyo. Chukua lenzi utazame maandishi: herufi za kiwanda ni kali na sawa, za kupakwa zina kingo zilizovimba. Chini kabisa ya uso, karibu na alama ya 6, kuna namba ndogo sana. Mwanzo wake unataja mashine, na unapaswa kukubaliana na iliyochongwa mgongoni. Mgongoni pia pana namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 8 inaweza kuwa 1998, 2008 au 2018, basi aina ya mashine ndiyo inakuamulia muongo.

Mdau aliye Maskati

Assalaam alaykum wote. Mimi niko Oman, wazee wangu walitoka Unguja. Huku Seiko 5 zinauzwa sana na nyingi zina siku za wiki kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu. Ukivuta ufunguo na kuzungusha, siku zinapishana lugha moja na nyingine, unachagua unayoitaka ikae. Anayeagiza kutoka huku kuja huko aulize kabla, maana wengine wanaikuta siku imeandikwa kwa Kiarabu wakadhani saa ni mbovu.

Nina swali kwa fundi. Nyumbani kwetu saa ya ukutani ilikuwa inawekwa kwa saa za Kiswahili kabisa, mishale yote miwili juu saa kumi na mbili jioni. Nami nataka Seiko yangu niiweke hivyo hivyo, nisisome ng'ambo. Tarehe itanisumbua?

Fundi, Mwanza

Haikusumbui, mzee wangu, ila ujue inabadilika lini. Mashine ya Seiko inageuza tarehe mishale ikikutana juu kwa mara ya pili ndani ya siku. Haijui nje ni jioni au usiku wa manane. Ukiiweka Kiswahili, unaweza kuchagua igeuze saa kumi na mbili jioni au saa kumi na mbili asubuhi. Ukichagua jioni, siku yako ya wiki inageuka jua linapozama, kama wazee walivyohesabu, usiku wa Ijumaa ukaanza Alhamisi magharibi. Tarehe ya ofisini ndiyo itakuwa mbele kwa saa sita kila usiku.

Onyo moja kwa wote. Kitabu cha Seiko kinakataza kubadilisha tarehe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu wakati huo meno ya tarehe yameshikana na ya mashine, ukilazimisha yanavunjika. Kwa aliyeweka Kiswahili saa hizo haziko pale pale, kwa hiyo fuata mshale. Kabla ya kugusa tarehe, zungusha mpaka mshale mfupi uelekee chini kabisa, kwenye 6. Hapo uko salama, uwe umeweka vyovyote.

Mdau wa Mombasa

Maashallah. Hilo la siku kugeuka magharibi nitalifanya kwa saa ya mamangu.

Mdau mwingine

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Ni kweli F-91W iliwahi kumponza mtu?

Mleta uzi

Ni kweli, na ni habari ya kusikitisha. Nyaraka za kijeshi za Marekani zilizovuja 2011 zilionyesha kuwa kuvaa Casio ya aina hii kulihesabiwa kuwa dalili dhidi ya baadhi ya wafungwa wa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani, kwa madai kwamba ilitumika kutegeshea mabomu. Saa inayovaliwa na mamilioni ya walimu, wakulima na wanafunzi duniani! Haki ya mtu haiwezi kusimama juu ya kitu ambacho kila duka linakiuza. Tuendelee na mada.

Mwenye swali

Wakuu, mimi ndiye kijana mwenyewe. Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nipo Mpanda, kazi yangu ni ya ghalani, kupokea na kutoa mizigo. Hapa mafundi niliowaona wanabadilisha betri na mikanda tu. Mwanza nafika mara moja moja kwa kazi. Bado roho inaitaka Seiko, sitaki kudanganya. Na Jumamosi na Jumapili huwa sivai saa, sijui kama ina shida.

Mleta uzi

Mdogo wangu, hapo umetupa kila kitu tulichohitaji.

Seiko ikijaa kabisa inatembea kama saa 41. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa tano asubuhi imesimama. Jumatatu utaikuta imelala, utaweka saa upya, siku upya, tarehe upya. Uzuri wa 4R36 ni kwamba unaweza kuijaza kwa kuzungusha ufunguo, na ukiuvuta ufunguo huo nje, mshale wa sekunde unasimama, ukapanga saa sawasawa na ya redio. Mashine ya 7S26 ya Seiko 5 za zamani haikuwa na lolote kati ya hayo mawili. Pia mwezi ukiwa na siku chini ya 31 utasogeza tarehe mwenyewe, mara tano kwa mwaka. Casio inajua urefu wa miezi, inakosea Februari ya mwaka mrefu tu. Kwa wengine ibada hiyo ya Jumatatu ni raha, mimi mmojawapo. Kwa mtu anayewahi ghalani alfajiri inaweza kuwa kero.

Ushauri wangu ni huu. Chukua F-91W sasa, ivae kazini. Mizigo, vumbi, kugonga nguzo, kunyanyua makreti, hayo si mazingira ya kuingiza laki saba. Hela iliyobaki iweke. Safari yako ijayo ya Mwanza mtafute fundi anayefungua otomatiki, mwone anavyofanya kazi, muulize anatoza kiasi gani kusafisha 4R36, na vipuri anapata wapi. Akikujibu kwa uhakika, nunua Seiko na uivae siku unazotoka. Asipopatikana, usinunue kwa sasa. Na rafiki yako yuko sahihi kuhusu kazi, ila hakukuuliza unapenda nini. Kupenda mashine si kuchezea hela, mradi una pa kuipeleka.

Dada muuguzi

Naunga mkono. Anza na Casio mdogo wangu.

Mwenye swali

Nimekubali. Basi niambieni, nikifika dukani nitajuaje kama F-91W ni halisi? Hapa kila kibanda wanayo.

Mleta uzi

Hii ni kati ya saa zinazoigwa kuliko zote, kwa hiyo kagua bila aibu. Ikiwa kwenye uso wa kawaida wa saa, bonyeza kitufe cha kulia na ukishikilie kama sekunde tatu. Halisi inaandika CASIo usoni, o ya mwisho ikiwa ndogo. Isiyoandika ni kopi. Lakini siku hizi zipo kopi zilizojifunza hilo nazo, kwa hiyo usiishie hapo. Geuza mgongo: uwe wa chuma, na namba 593 iwe imepigwa kwenye chuma chenyewe, si stika. Washa taa: halisi ni ya kijani, inatoka kushoto. Taa ya bluu inayojaza uso mzima haikutoka Casio kwa modeli hii. Soma maandishi madogo ya usoni, yasiwe yamevuja rangi wala kupinda. Bonyeza vitufe vyote vitatu, visiwe vinazama na kukwama.

Na bei. Muuzaji akikutajia elfu tano, mshukuru, mrudishie saa yake.

Fundi, Mwanza

Ukija Mwanza, ulizia mafundi saa mjini, tupo. Uje na saa yenyewe au bila, nitakufungulia ya kwangu uione ndani kabla hujanunua.